Mtu Mzima wa Pili: Gharama ya Mchezo katika Darasa la Awali la Delta

Mjadala wa elimu ya awali nchini Tanzania una tabia ya kuanzia kwenye vitu. Wanaozitembelea shule za visiwani na kurudi mjini huorodhesha visivyokuwepo: bembea hakuna, vitalu vya mbao hakuna, vitabu vya picha hakuna, hata mkeka wa kukalia umechakaa. Hitimisho hujileta lenyewe, kwamba kujifunza kwa kucheza na kudadisi ni anasa ya shule za kimataifa za Dar es Salaam, na kwamba mtoto wa delta ya Rufiji apewe herufi na tarakimu, mengine atayakuta mbele ya safari. Naona hitimisho hilo limetazama pasipo. Kinachozitenga shule hizo mbili ni idadi ya watu wazima waliomo chumbani, na idadi hiyo haitajwi sana kwa kuwa ndiyo inayodai mshahara kila mwisho wa mwezi.

Tuanze na shule za kimataifa zenyewe, maana zinasifiwa kuliko zinavyoeleweka. International School of Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1963 na ambayo shule yake ya msingi iko Upanga, hufuata mtaala wa International Baccalaureate (IB) wa watoto wadogo, maarufu kwa jina la PYP. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 6 mtaala huo hauikati siku kwa vipindi vya masomo. Unadai angalau mada nne za uchunguzi kwa mwaka, mbili zikiwa lazima zihusu mtoto ni nani na watu hujielezaje. Zinazobaki zaweza kuwa juu ya maji, makazi, safari au chakula. Mada moja huchukua wiki kadhaa. Watoto huuliza, hushika, hujenga, hubomoa na kuigiza, naye mwalimu huandika waliyoyasema ili swali la Jumatatu liwe kazi ya Jumanne. Hapo kwenye kuandika ndipo palipo na kiini cha shughuli nzima. Mwalimu hawezi kuandika alichosema mtoto kama hakumsikia, na hawezi kumsikia ikiwa wamemzunguka themanini.

Sasa chukua mada ya maji uipeleke Kiongoroni, kata ya wilaya ya Kibiti, ndani ya eneo ambalo mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuifikia Bahari ya Hindi. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Bamvua likija huingia mahali palipokuwa pakavu juzi, na wakati wa maji mafu huishia mbali. Mwalimu wa Upanga akitaka kulionyesha hilo atahangaika na beseni na vikombe. Mwenzake wa delta anahitaji fito moja ya mkandaa iliyochomekwa topeni na kamba za ukindu. Leo watoto wafunge ukindu pale maji yalipofika, kesho wafunge mwingine. Baada ya wiki mbili fito hiyo itakuwa na vipimo vya urefu, mfuatano wa siku, makisio ya kesho, na ugomvi wa kutosha juu ya nani alikisia vibaya. Pembeni yake wapo kaa wadogo wenye gando moja kubwa na jingine dogo. Je, wote wako hivyo? Mtoto akichungua kwa subira atagundua kwamba wengine wana magando mawili madogo yanayolingana, na hao ndio majike. Kwa mtoto wa miaka mitano huo ni ugunduzi halisi, na ameupata kwa macho yake mwenyewe.

Hata fumbo la kupanga vipande lipo, bila kuagizwa China. Tunda la mkomafi ni duara kubwa gumu. Likipasuka hutoa mbegu zenye pembe zilizokuwa zimeshikana ndani yake, na kuzirudisha zikawa duara tena ni kazi inayowashinda watu wazima. Delta ina takriban hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo uliounganika Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, pamoja na Mafia na Kilwa. Mkoko, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana: mtoto aliyekulia kwa wakata fito na wavuvi hutofautisha baadhi ya miti hii kwa mizizi na magome kabla hajaijua herufi ya kwanza ya jina lake. Kuainisha vitu kwa sifa zake ni hesabu ya awali kabisa, na mtaala wa taifa unaitaka.

Kuna faida nyingine ya delta isiyosemwa. Kudadisi kunahitaji lugha ya kudadisia. Kiongoroni mtoto na mwalimu wake wanakutana katika Kiswahili, ambacho pwani hii kimeishi karne nyingi kikisikilizana na Kindengereko. Hakuna mpaka wa kuvuka kabla ya kuuliza. Watoto wengi wa Kitanzania katika shule za kimataifa hutumia miezi ya kwanza wakitafuta maneno ya Kiingereza ya kuulizia kile ambacho kwa Kiswahili wangekiuliza papo hapo.

Michezo nayo haikungoja wataalamu. Mdako unafundisha kuhesabu huku jicho na mkono vikipatana. Kombolela inadai kumbukumbu na hila. Bao ni hesabu tupu. Kujipikilisha kuna mgawanyo wa kazi, majadiliano na wivu wote wa kaya halisi. Mtafiti Otto Raum aliandika kwa kina michezo ya watoto wa Kichaga katika kitabu chake Chaga Childhood cha mwaka 1940, na anayekisoma hawezi tena kudhani kwamba watoto wa Afrika Mashariki walikuwa wakimngoja Mzungu awafundishe kuigiza. Froebel alifungua taasisi yake ya watoto Ujerumani mwaka 1837, Montessori akafungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Walichofanya wote wawili ni kuliweka jambo la kawaida la utotoni mikononi mwa mtu mzima anayelipwa kulitazama.

Kwa nini basi mengi ya madarasa yetu ya awali yanaimba irabu tangu saa mbili mpaka saa tano? Jibu limo ndani ya takwimu kuliko ndani ya falsafa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima. Uandikishaji ukaruka kutoka watoto takriban milioni 1.07 mwaka 2015 hadi karibu milioni 1.56 mwaka 2016. Mwaka huohuo ukatoka mtaala mpya, na ulikuwa mtaala mzuri: watoto wajifunze kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanaa na kutumia dhana za kihisabati, wakizunguka katika kona za ujifunzaji, mwalimu mmoja kwa watoto 25. Usiangalie mbali kutafuta falsafa ya kudadisi na kucheza. Ilikuwamo humo. Lakini katika shule za serikali wastani wa watoto kwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo ulikuwa umepita 100. Aliyebuni kona za ujifunzaji alikuwa na darasa moja kichwani. Aliyekabidhiwa darasa alikuwa na jingine. Ukiwa peke yako na watoto 100, wimbo wa irabu ndio njia pekee ya kuhakikisha hakuna aliyekwenda mtoni bila wewe kujua. Nisingethubutu kumlaumu mwalimu huyo.

Waraka huo ulikuwa na athari moja iliyopita kimyakimya. Mahali pengi wazazi walikuwa wakichanga kumlipa kijana wa kijijini amsaidie mwalimu wa awali. Michango ilipokatazwa kuwa ya lazima, kijana akaenda zake. Serikali ilimfungulia mtoto mlango na, bila kukusudia, ikamtoa nje msaidizi.

Halafu zikaja semina za zana za mahali. Ninaziheshimu, na mfano wangu wa fito na ukindu umetokana na wazo hilohilo. Lakini zimegeuka kisingizio. Mwalimu huambiwa akusanye visoda, vifuu, maboksi na makombe, atengeneze zana kwa mikono yake, jioni, kwa muda wake, kana kwamba upungufu wa darasa lake ulikuwa wa visoda. Kijiji cha pwani hakijawahi kupungukiwa vifuu. Ukimpa mwalimu mmoja mwenye watoto 90 magunia matatu ya zana bora za mahali, atayafunga na kuyaweka juu ya kabati, maana siku atakayoyafungua atahitaji saa nzima ya kukusanya vilivyotawanyika.

Ushahidi unaotolewa kuutetea mchezo darasani nao husomwa nusunusu. Utafiti unaotajwa kuliko wote ni wa shule ya Perry, mjini Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Kati ya mwaka 1962 na 1967 watoto 123 Weusi wa familia maskini waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata shule ya awali, wengine wakakosa. Walifuatiliwa hadi utu uzima, na waliosoma walionekana kumaliza shule zaidi, kupata kipato bora na kukamatwa na polisi mara chache. David Weikart na wenzake, waliouendesha mpango huo, walitumia utaratibu ambao mtoto hupanga atakachofanya, hukifanya, kisha hukaa na wenzake kukieleza. Wahubiri wa mchezo huishia hapo. Kilichobaki ni kwamba Ypsilanti mwalimu mmoja alikuwa na watoto watano au sita, na kila wiki aliitembelea familia nyumbani. Anayenukuu matokeo ya Perry kulitetea darasa la watoto 100 anajitwalia mavuno ya shamba ambalo hakulilima.

Hata hivyo mbegu hiyo ilifika pwani yetu, na ikaota. Katika miaka ya themanini viongozi wa Waislamu wa Mombasa walimwomba Aga Khan msaada, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakichelewa kupata nafasi katika shule nzuri. Kazi ikaanza mwaka 1986 chini ya Bi Swafiya Said, ambaye hakuleta shule ngeni kuishindanisha na madrasa. Aliingia mlemle. Wanawake wa mitaa husika, wengi wakiwa hawana elimu kubwa, walifunzwa utaratibu uliotokana na ule wa Michigan, ukachanganywa na mafunzo ya dini, hadithi na nyimbo za pwani. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na hatimaye ukasaidia zaidi ya shule 200. Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta watoto wa shule hizo katika nchi zote tatu wamepiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wenzao wa shule nyingine za awali.

Kisa cha Mombasa kinaifaa delta kuliko mfano wowote wa Upanga, maana jamii zinafanana. Kiongoroni pia mtoto huanza chuoni kabla ya kuanza shule. Wapo wanaoiona madrasa kama makao makuu ya kukariri na kwa hiyo adui wa kudadisi. Wanasahau jinsi ustadh mmoja anavyoweza kuwa na watoto 60 wa umri tofauti bila vurugu: wakubwa huwasomesha wadogo, kila mtoto yuko mahali pake katika juzuu, na anayekwama hupata mtu wa kumsogelea. Hiyo ni njia ya kugawa usikivu wa mtu mzima pale watu wazima walipo wachache. Darasa la awali la serikali limepanga watoto wa umri mmoja kwenye mkeka mmoja, likajinyima hata hilo.

Kuna mzazi, naye anahitaji kusikilizwa kabla ya kuelimishwa. Mtoto akirudi nyumbani, mama hutazama daftari. Likiwa tupu, anauliza mwalimu alikuwa wapi. Kucheza mtoto anacheza nyumbani bure. Wataalamu huliita hilo uelewa mdogo, na huitisha mkutano. Mimi naona ni hesabu nzuri tu. Mzazi huyo anajua kwamba nchi hii itampima mwanawe kwa kusoma, kuandika na kuhesabu darasa la pili, kisha kwa mitihani. Ghana walijaribu mikutano hiyo kwa uangalifu mkubwa. Katika mwaka wa masomo wa 2015/16 shule 240 za eneo la Accra ziligawanywa: baadhi walimu wake walifunzwa ufundishaji wa kucheza, baadhi walifunzwa walimu na wazazi wakaitwa kwenye vikao vya kuelimishwa, nyingine zikaachwa kama zilivyo. Pale walipofunzwa walimu peke yao, watoto walinufaika. Walipoongezewa vikao vya wazazi, faida ile ilififia. Matokeo hayo yaliwashangaza watafiti wenyewe. Dhana yangu, na ni dhana tu, ni kwamba mzazi akiitwa kuhutubiwa juu ya mambo ambayo hawezi kuyakagua, anabaki na wasiwasi ulioongezwa sauti.

Delta ina njia rahisi zaidi ya kumvuta mzazi: aitwe kama mjuzi. Fundi wa mitumbwi aje aulizwe kwa nini gogo hili linafaa na lile halifai. Mama anayesuka mikeka ahesabu miyaa mbele ya watoto, nao wahesabu naye. Mzee wa uvuvi aeleze anavyojua siku ya bamvua kwa kutazama mwezi, kisha watoto waifuate fito yao waone kama kweli. Mzazi aliyekwisha kuulizwa maswali na mtoto wa miaka mitano mbele ya wenzake hahitaji hotuba juu ya faida za udadisi.

Pamoja na hayo tusiipambe delta. Mtoto anayeachwa na kaka yake kandokando ya maji hachezi tu, yumo hatarini. Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, na watoto wengi wa huko sasa wanayajua maji kama kitu kinachoingia nyumbani usiku. Wala si kila mchezo unafundisha. Uchambuzi wa tafiti 39 uliofanywa Chuo Kikuu cha Cambridge na kutolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mchezo wenye mwongozo, yaani mtoto anaongoza huku mtu mzima akiuliza na kusukuma kidogo, unalingana na kufundishwa moja kwa moja, na katika baadhi ya stadi za hesabu unazidi. Sifa hiyo ni ya mchezo wenye mtu mzima ndani yake. Watoto 90 walioachiwa uwanja wamepata mapumziko, na mapumziko ni haki yao, lakini tusiyape jina jingine.

Msimu nao una amri yake. Mpunga ukikaribia kuiva, familia huhamia mashambani, hulala kwenye madungu, na wote wenye sauti huamia ndege. Mtoto wa awali humfuata mama. Shule inayomwandika mtoro wakati huo inaandika kalenda ya mahali pengine. Mkoani Gaza, kusini mwa Msumbiji, kulikuwa na vituo vidogo vya awali vijijini karibu na nyumba, vikiendeshwa na wanakijiji waliofunzwa. Waliovihudhuria walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 24, wa kuandikishwa shule ya msingi. Gharama ilikuwa chini ya dola 3 za Marekani kwa mtoto kwa mwezi. Kituo kinachoweza kuwafuata watu shambani kwa wiki sita ni cha namna hiyo, wala hakihitaji zege.

Tanzania imeshajaribu kumtafuta huyo mtu mzima wa pili kwa njia kadhaa. Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, ilimtafuta redioni: vipindi vya Tucheze Tujifunze viliongoza nyimbo, hesabu na michezo, na mkazi mmoja aliyepewa mafunzo aliwasimamia watoto pale ambapo shule haikufika. Katika mikoa kadhaa, Lindi jirani ikiwemo, mpango wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza uliwatumia walimu wasaidizi wa jamii, wakiwa na hadithi na michezo ya wiki 16, kuwaandaa watoto ambao hawakuwa na darasa la awali karibu. Shirika la BRAC lilifungua vituo vya michezo vinavyoongozwa na wasichana wa mitaa hiyohiyo. Njia zote tatu zinakubaliana jambo moja: kijana aliyemaliza kidato cha nne, akifunzwa vizuri na akitembelewa mara kwa mara, anaweza kazi hii. Na zote zilikwama palepale. Posho ilikuwa ya mradi, na mradi una tarehe ya mwisho.

Wakati huohuo fedha za majengo zimepatikana. Fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 3,000 katika vituo shikizi. Mradi wa BOOST, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, unajenga madarasa ya awali ya mfano, na mkoa wa Pwani, ilipo Kibiti, umo kati ya mikoa tisa ya mpango wa Shule Bora. Ukuta uliochorwa twiga na tarakimu unapigika picha vizuri siku ya uzinduzi. Sina ugomvi na ukuta. Lakini darasa la mfano lenye mwalimu mmoja na watoto 100 litakuwa mfano wa nini?

Kwa Kiongoroni ningependekeza mpangilio wa gharama ya chini kabisa: mwalimu mmoja mwajiriwa, wasaidizi wawili kutoka kijijini, watoto wagawanywe makundi yanayopokezana, kundi moja ndani na herufi, jingine nje kwenye fito na kaa, la tatu kwenye mchezo wa kuigiza, mada nne kwa mwaka zikifuata maji, mpunga, uvuvi na msitu. Msaidizi apewe mkataba na posho ya halmashauri, na mtu wa kumtembelea kila mwezi. Watembeleaji ndio wa kwanza kukatwa bajeti ikibana, kwa kuwa safari za delta ni za majini na mafuta ya boti yanaonekana kama anasa kwa aliyezoea barabara.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilipangiwa kufika mwaka wa fedha 2025/26. Katika chochote kitakachoirithi, malengo yatakuwa mazuri, kama yalivyokuwa. Mimi nitafungua moja kwa moja jedwali la bajeti nitafute mistari miwili: posho ya mtu mzima wa pili darasani, na mafuta ya boti.